Farasi Aliyeiteka Shayiri ya Ghoshani

Mimi si mtu wa siasa. Nalisema hili mapema kwa sababu katika nchi yetu anayechelewa kulisema huulizwa. Kazi yangu ilikuwa Mkumbuzi wa Baraza. Baba yangu alikuwa Mkumbuzi wa Baraza, na babu yangu pia, mpaka alipojikwaa kwenye silabi moja mbele ya mfalme akapumzishwa siku ileile.

Nchi yetu inaitwa Nchi ya Mito Saba. Ina mito sita. Wa saba ulikauka enzi za babu, lakini Baraza halijapitisha azimio la kukauka kwake, kwa hiyo mpaka leo yuko Msimamizi wa Vivuko, mtu mwenye heshima zake, anayekaa juu ya changarawe na mtumbwi wake akingoja abiria.

Maandishi hatunayo. Kuhani Mkuu anasema maandishi ni ya watu wasiojiamini. Kila lililoamuliwa lilimiminwa kichwani mwangu, nami nililikariri kwenda mbele, kisha kurudi nyuma, kisha kwa kuruka neno moja moja, kama baba alivyonifundisha kwa fimbo. Sheria zote za nchi zilikuwa humu kichwani. Nilipopata mafua, watu walitoka wilaya tatu kuniletea asali.

Sasa niwaeleze tunavyotawaliwa, maana wageni huchanganyikiwa. Kuna Baraza la Wazee, ambalo hukutana kucheza dado, na dado zikiwachosha huendesha nchi. Halafu kuna Baraza la Wote, ambamo kila mtu, mume kwa mke, ana haki ya kusimama na kusema. Hilo ndilo lililomchagua Mfalme Burisena, na ndilo linaloweza kumwondoa. Mfalme hulikumbuka jambo hilo kila siku, na ndiyo maana walinzi wa mlangoni wameongezeka.

Tunachojivunia zaidi ni Nia Moja. Baraza la Wote haliamui kwa wingi wa watu. Huamua kwa nia moja au haliamui kabisa. Zamani hili lilikuwa na usumbufu wake. Mtu mmoja akikataa, wenzake walikaa siku tatu wakimbembeleza, na mara nyingine waligundua kuwa yeye ndiye mwenye haki, jambo lililowavunjia heshima wakubwa. Mwenyekiti Somadata akaupatia usumbufu huo dawa. Alivumbua kwamba, kwa kuwa Baraza lina nia moja, asiye na nia hiyo hayumo barazani. Basi anayepinga huhesabiwa hayupo. Na aliyehesabiwa hayupo huendelea kutokuwepo mahali popote, mpaka Baraza linalofuata litakapomkumbuka tena.

Fundi mmoja wa magari ya kukokotwa alipinga mara moja tu. Miezi mitatu alipita njiani bila kusalimiwa, na nusura mkewe aolewe. "Penye wengi hapaharibiki neno," alisema Mwenyekiti, na kweli, tangu siku hiyo halijaharibika hata moja.

*

Mfalme Burisena alichaguliwa atuongoze katika kutafuta ng'ombe. Kwetu vita huitwa hivyo, kutafuta ng'ombe, nasi huwatafuta katika mazizi ya jirani. Alikuwa mtafutaji hodari. Lakini mwaka wa kumi wa utawala wake habari ilifika kwamba jirani wa mashariki amejiita Mfalme wa Wafalme, na chakula kikaanza kumshinda.

"Yeye ana nini nisicho nacho mimi?" aliuliza.

"Farasi, Mtukufu," akajibu Kavisha, Kuhani Mkuu. "Tunaye farasi, lakini hatujamtumia kidini."

Desturi ya farasi ni ya kale na haina ugumu. Farasi dume mweupe hutakaswa, huimbiwa, kisha hufunguliwa aende atakako kwa mwaka mzima. Mtu wa mfalme haruhusiwi kumgusa, kumsukuma wala kumgeuza. Mashujaa mia humfuata kwa nyuma. Ardhi atakayoikanyaga ni ya mfalme, na mtawala wa ardhi hiyo ana njia mbili tu: asalimu amri, au amfunge farasi na kupigana. Farasi asipofungwa na mtu mwaka mzima, mwenye farasi ni Mfalme wa Wafalme. Aliyemfunga na kumshikilia mpaka mwaka uishe ndiye atwaaye cheo hicho, pamoja na kiti. Mwisho wa yote farasi huchinjwa, lakini hilo halimo katika hotuba anazosomewa.

Siku ya kumfungua, walimwelekeza mashariki, kwenye nchi tajiri. Mfalme alihutubia. Mwenyekiti alihutubia juu ya hotuba ya Mfalme. Jemadari Rathika, kiongozi wa wale mashujaa mia, aliapa kwamba kwato za farasi zitafika mahali ambapo jua lenyewe huenda kwa kubahatisha.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelifikiria. Farasi yule alizaliwa ikulu. Tangu utoto alikula shayiri kwenye hori, na hakuwahi kutafuta chochote maishani mwake. Alitembea mpaka adhuhuri, akanusa, akakata kushoto, akaingia katika shamba la shayiri la mjane mmoja aitwaye Ghoshani. Humo akakaa.

*

Ghoshani nilimjua kwa sura, kwa sababu hakukosa kikao. Alikuja na majani yake makavu, akakaa mahali pamoja na wanawake wenzake, akasokota kamba huku akisikiliza. Ndiyo iliyokuwa kazi yake ya pili. Ya kwanza ilikuwa shamba lile, yeye na binti zake wawili. Mwaka huo mvua za kwanza zilimdanganya, akapanda mara mbili, na mbegu zake zote zilikuwa ardhini. Shayiri ile ikiliwa, mwakani hana cha kupanda. Na kwetu shamba likikaa msimu mmoja bila kupandwa, hurudi kwa mkuu wa kijiji, na mkuu wa kijiji alikuwa ameshapita mara mbili kulitazama.

"Shii! Toka! Toka hapo!" alipiga kelele siku ya kwanza, akipunga upande wa kanga.

Jemadari Rathika alimzuia kwa mkuki. "Mama, angalia. Unazungumza na mamlaka ya nchi."

"Mwanangu, mamlaka ya nchi inakula mbegu zangu."

"Haili. Inateka."

Mashujaa mia wakapiga kambi kando ya shamba, wakavunja ua kupata kuni. Kila jioni Jemadari alituma tarishi ikulu. Siku ya kwanza: "Tumevuka mpaka." Siku ya pili: "Upinzani ni wa maneno tu." Siku ya nne: "Robo ya nchi imetekwa mpaka mizizi." Mfalme alifurahi, akaamuru ngoma. Siku ya tano aliuliza nchi yenyewe inaitwaje, na ngoma zikapungua sauti, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumjibu.

Kavisha ndiye aliyemwokoa Mfalme. Alifunga siku nzima, isipokuwa samli, akatoka na ufafanuzi. Farasi hawezi kuteka ardhi ambayo tayari ni ya mfalme, sivyo? Na farasi ameteka, kila mtu kaona. Kwa hiyo ardhi ile haikuwa ya mfalme. Kwa hiyo ni nchi ya kigeni. Na nchi haikosi mtawala.

Siku ya nane tulikwenda shambani, Kuhani mbele, mimi nyuma nikumbuke. Ghoshani alikuwa ameinama akiokota masuke yaliyobaki. Kavisha alisafisha koo.

"Ewe Malkia!"

Ghoshani aligeuka kutazama nani kaja.

"Ewe Malkia wa nchi hii, Mfalme Burisena, fahali wa koo zote, anakuuliza: unasalimu amri, au unapigana?"

"Mzee wangu, jua limekupiga?"

"Jibu kwa desturi, Malkia. Unasalimu amri, au unapigana?"

"Mimi nataka farasi atoke. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu leo ana siku nane na hajashika hata kijiti."

"Jibu hilo halimo katika desturi."

"Basi nitalipeleka barazani," akasema Ghoshani, akarudi kwenye masuke yake. Nilikumbuka yote hayo, pamoja na masuke machache yaliyokuwa mkononi mwake, ingawa masuke si sehemu ya kumbukumbu rasmi.

*

Baraza la Wote lilijaa. Mwenyekiti Somadata alisimama, akanyoosha vazi lake la ngozi ya swala, akaanza.

"Ndugu zangu, nchi ndogo isidharauliwe kwa udogo wake. Na je, mbegu ya mtini si ndogo? Na je, jicho la tembo si dogo? Mfalme wetu angeweza kuteka nchi kubwa kama mfalme yeyote asiye na subira. Lakini yeye kwa unyenyekevu kaanza na hatua arobaini kwa sitini."

Watu walishangilia. Mfinyanzi mmoja, aliyeketi karibu na nguzo, akainua mkono. "Mwenyekiti, lakini shamba hilo mimi hupita pembeni yake kila siku nikienda kuchimba udongo…" Akaona anatazamwa. "…na kila siku huona waziwazi lilivyo nchi ya kigeni."

"Asante. Kuna mwingine?"

Ghoshani alisimama. Kamba aliyokuwa akiisokota ilimwangukia miguuni.

"Mimi nimezaliwa hapa," alisema. "Mume wangu alikufa akitafuta ng'ombe wa huyu huyu Mfalme. Kila mavuno napeleka zawadi ya hiari, na nisipoipeleka wanakuja kuichukua. Leo nimekuwa mgeni kwa sababu farasi ana njaa? Sikubali. Mnitolee farasi shambani, nipate mbegu. Sina lingine."

Niliona wanaume wakitazama vidole vya miguu yao, na miongoni mwao walikuwamo waliokula nyumbani kwake.

"Mkumbuzi," akasema Mwenyekiti kwa upole, "kumbuka kwamba hayupo."

Nikakumbuka. Alikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa, ananukia moshi wa kuni, na machozi yalikuwa yamemsimama machoni yasidondoke. Niliona haya. Lakini nilikuwa kazini.

Basi azimio likapita, nami nikalipokea neno kwa neno: "Baraza la Wote, kwa nia moja, linatambua kwamba shamba la Ghoshani ni nchi ya kigeni, kwamba Ghoshani ni malkia wake halali, mwenye haki zote za watawala, kwamba nchi hiyo imekanyagwa na farasi, na kwamba Mfalme Burisena, akiwa sasa na malkia mmoja chini yake, ni Mfalme wa Wafalme, kwa kuanzia."

Maneno "mwenye haki zote za watawala" aliyaongeza Kavisha mwenyewe. Alisema malkia asiye na haki angeupunguzia ushindi uzito.

*

Kesho yake asubuhi Ghoshani aliingia shambani na kamba. Mashujaa walikuwa wakicheza dado. Alimwendea farasi, akamsugua shingo, akampitishia kamba, akaifunga kwenye mti wa mkwaju ulio katikati ya shamba. Farasi hakubisha, kwa siku kumi hakuna aliyekuwa amemgusa, naye alizoea kuguswa.

Jemadari alikuja mbio. "Mama! Unafanya nini?"

"Namfunga farasi."

"Nani kakupa ruhusa?"

"Baraza. Mimi ni malkia, baba, mwenye haki zote za watawala. Farasi kaingia nchini kwangu, nami sikusalimu amri. Maji mmeyavulia nguo wenyewe, sasa yaogeni."

Jemadari alinyoosha mkono kufungua kamba, akaurudisha. Mtu wa mfalme haruhusiwi kumgusa farasi. Akageukia mashujaa wake, akawaamuru wajipange kupigana. Wakajipanga, mia kamili, ngao mbele.

"Tunapigana na nani, Jemadari?" akauliza mmoja.

"Na huyu!"

"Huyu nani? Baraza limesema hayupo."

Hapo Jemadari alikaa chini. Mama yule akiwa yupo, basi alikuwepo barazani pia, alipinga, nia haikuwa moja, azimio limeanguka, na Burisena si mfalme wa mtu yeyote zaidi ya wale wa jana. Akiwa hayupo, hawezi kukamatwa, kuchomwa mkuki, wala kuambiwa aondoe kamba. Waimbaji wa sifa waliokuwa wamefuatana na jeshi walishauriwa. Wakasema wimbo wa watu mia wanaomshambulia mjane asiyekuwepo hawaujui, na hawadhani unaweza kupata mdundo.

Zilipita siku ishirini. Binti zake walimkatia farasi majani mabichi ya mtoni, na shayiri iliyobaki, kidogo sana, ikapona.

*

Mfalme aliitisha Baraza la dharura. Adhuhuri ya siku iliyotangulia, Kavisha alifika kwangu akivuta ng'ombe wa maziwa mwenye ndama.

"Mkumbuzi, ndugu yangu," alisema, "sisi wazee tunasahau. Hebu tukumbushane. Neno lile lilikuwa 'malkia', au lilikuwa 'mkulima'?"

"Lilikuwa 'malkia', Mtakatifu."

"Una hakika? Mtu amechoka, jua kali… Kesho utaulizwa. Ukikumbuka 'mkulima', basi mkulima kafunga mnyama wa mfalme, na hilo lina adhabu yake, halina mgogoro." Akampapasa ng'ombe mgongoni. "Hana jina bado. Ungempa wewe."

Ng'ombe nilimpokea. Nasema kweli, sina sababu ya kujipamba. Alikuwa na macho mazuri, na mke wangu alimpenda papo hapo.

Kesho yake Baraza lilifurika mpaka nje. Ghoshani alikuja na binti zake. Mwenyekiti akaniita katikati. "Mkumbuzi, likariri azimio la shamba. Polepole. Ukifika pale kwenye cheo cha yule mwanamke, vuta pumzi, ufikirie."

Nilisimama. Nililiona kila jicho la Mfalme, yote mawili. Nilikuwa nimekusudia kusema "mkulima". Nilikuwa nimelifanyia mazoezi zizini. Nikaanza: Baraza la Wote, kwa nia moja. Na hapo, jamaa zangu, ulimi ukashika njia yake. Mtu aliyekariri jambo mbele, nyuma na kwa kuruka hawezi kulisimamisha katikati, sawasawa na mtu anayeshuka mlima mbio. Nikasikia sauti yangu ikisema, kubwa na safi: "kwamba Ghoshani ni malkia wake halali, mwenye haki zote za watawala." Nikamaliza mpaka "kwa kuanzia". Kisha, kwa woga, nikalikariri tena kurudi nyuma.

Watu wakaanza kucheka. Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikamfikia mfinyanzi, kikazunguka nguzo zote.

Mfalme Burisena alisimama. Hakuwa mpumbavu, alikuwa mtu aliyezungukwa. Aliniagiza nimkumbuke Ghoshani kuwa yupo, nikamkumbuka, na baadhi ya majirani wakamsalimia kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

"Malkia," alisema Mfalme, "mwaka ukiisha na farasi yuko kwako, kiti hiki ni chako. Unataka nini umwachie?"

Nadhani kila mtu alikuwa akimpa ushauri moyoni.

"Mbegu," akasema Ghoshani. "Vikapu kumi na viwili, shayiri ya kupanda, si ya kula. Hawa mia waondoke, wanijengee ua kwanza. Farasi simwachii, kala, alime. Kiti chako kaa nacho, mimi nina kazi."

"Baraza lina nia gani?" aliuliza Mwenyekiti kwa sauti ndogo.

"Ndiyo!" walisema watu.

"Napinga!" Kavisha aliruka juu. "Farasi wa sadaka akokote plau? Napinga mbele ya mbingu!"

Mwenyekiti alitazama huku na huku. Mfinyanzi akamwinamia jirani yake, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Kuna mtu kasema kitu?"

Nilikumbuka kwamba hayupo. Sikungoja kuagizwa.

*

Mbegu zilipatikana, shamba likapandwa, na mkuu wa kijiji akaacha kupita. Ikulu ilitangaza kwamba Mfalme amemtuma farasi wake kwa hisani kusaidia kilimo cha nchi rafiki.

Lakini Baraza la Wazee lilikuwa limechoshwa na dado. Wiki moja baadaye walileta marekebisho mawili, nayo yakapita. Kwanza, wanawake wasiingie tena barazani, ili wasipate taabu ya kuhesabiwa hawapo. Pili, Mkumbuzi mmoja ni mzigo kwa mtu mmoja. Wawe watatu, na jambo lisihesabiwe kuwa limekumbukwa mpaka wakubaliane watatu. Mimi sikuwa miongoni mwao. Ng'ombe alichukuliwa siku hiyohiyo, na ndama wake, na mke wangu alilia. Mimi nilikasirika, kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu wa miaka thelathini na moja. Nilikaa zizini patupu nikawakasirikia wote kwa majina, kwenda mbele na kurudi nyuma.

Kikao kilichofuata Ghoshani alifika kama kawaida. Walinzi wakamzuia mlangoni. Hakugombana nao. Alizunguka nyuma, mahali ambapo ukuta wa Baraza ni wa matete tu, akakaa chini. Ndani Mwenyekiti aliuliza kama Baraza lina nia moja. Kupitia kwenye matete ikaja sauti: "Mimi sikubali."

Wakumbuzi watatu walishauriana, wakakubaliana kwamba ulikuwa upepo.

Kikao cha pili upepo ulisema tena, na ulikuwa na sauti mbili. Cha tatu ulikuwa na sauti saba, mmoja wao akikohoa. Wakumbuzi wamekumbuka kwamba msimu huu una pepo nyingi, na wamependekeza iundwe kamati ya hali ya hewa.

Juzi nilipita pale. Upepo ulikuwa umetandika mikeka, wapata arobaini, wengine wananyonyesha, wengine wanapeta shayiri, na chungu kilikuwa motoni. Ndani nilimsikia Mwenyekiti akiuliza kama kuna anayepinga. Nilikuwa nimechoka kusimama. Nikaomba nafasi, wakasogea.